Biskuti za Aina Tano na Tanuru la Mzee Kitonga

Naanza na majina ya waliokuwepo, ili kesho kutwa mtu asije akasema nimepunguza mashahidi. Nilikuwepo mimi, Nduku, mwenye aibu yenyewe. Walikuwepo wadogo zangu watatu: Mumbua aliyekuwa sekondari, Munyao wa darasa la sita, na Wayua, kitinda mimba wetu, aliyekuwa na miaka sita na sauti ya watu wanne. Alikuwepo Mama Syombua, mwenyekiti wa mwethya wetu, yaani kile kikundi cha akina mama wanaosaidiana kwa mikono, leo kwako kesho kwangu. Alikuwepo Susu Kanini, ambaye hakuwa nyanya yangu wa damu (kwetu kila nyanya ni susu) na ambaye alikuwa amebakiwa na meno mawili tu, lakini yalimtosha, maana kazi yake kubwa ilikuwa maneno. Alikuwepo Mzee Kitonga, fundi wa kuchoma matofali. Alikuwepo Baba Mkubwa Nzioka, kaka mkubwa wa marehemu baba yetu. Alikuwepo mchungaji. Na nyuma ya mchungaji lilikuwepo kanisa zima, limevaa nguo za Krismasi, linaimba.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimewaalika. Lakini si kwa saa ile, na si kwa kitu walichokikuta.

Ilikuwa miaka ya themanini, mwanzoni, huko kwetu Kanyangi. Mama yetu alitangulia, na baba akamfuata kabla mahindi ya msimu huo hayajavunwa. Mimi nilikuwa nimebakisha muhula mmoja nimalize darasa la saba, Wayua alikuwa hajaanza kutembea, basi nikafunga vitabu vyangu ndani ya gunia na kumfunga Wayua mgongoni, na maisha yakaendelea. Tuliishi hivyo miaka mitano katika nyumba aliyoiacha baba, ya fito na udongo, ambayo ukuta wake wa nyuma ulikuwa umeanza kuinama kama mtu anayetafuta shilingi iliyomwanguka. Siku ya Krismasi ya mwaka uliotangulia mkasa huu, Baba Mkubwa alikuja kututazama, akautazama ukuta, akausukuma kwa kidole kimoja, na ukuta ukaitika.

"Nduku," akaniambia, "nakupa mwaka mmoja. Krismasi ijayo nikikuta hapa hakuna nyumba ya kueleweka, Munyao atakuja kwangu, Wayua ataenda kwa shangazi yenu Salama, na Mumbua tutamtafutia pa kulala karibu na shule."

"Na mimi?"

"Wewe ni mtu mzima. Utaolewa."

Tafadhali msimwone mbaya. Alikuwa amezika ndugu na shemeji kwa mwaka mmoja, na alikuwa anaogopa ukuta. Hata mimi niliuogopa. Lakini niliogopa zaidi kuamka asubuhi na kukuta vikombe vinne vya uji vimebaki kimoja.

Bahati nzuri nilikuwa mwana mwethya. Niliingia nikiwa na miaka kumi na sita, mdogo kuliko wote, na kwa miaka mitatu nilibeba maji, nikapalilia, nikachimba mitaro ya watu kumi na wanne mpaka zamu yangu ikafika. Katika mwethya hakuna anayelipwa. Ukifanyiwa, unadaiwa mikono yako, basi. Na kila mtu ana zamu moja, hakuna wa kupata ya pili mpaka wa mwisho apate ya kwanza, na sheria hiyo Mama Syombua aliilinda kuliko alivyolinda ng'ombe wake. Mwezi wa tisa wakaja kwangu. Wakakanyaga udongo, wakafyatua matofali wiki mbili nzima, punda wakipanda na kushuka mtoni, nami kama mwenye kazi nilitakiwa kuwalisha. Niliwalisha uji na muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, siku nyingine uji peke yake. Susu Kanini akanyanyua kikombe chake mbele ya wote, akakichungulia.

"Msichana, uji huu na sukari ni watu wa ukoo mmoja?"

"Kwa nini, Susu?"

"Naona wamekatazwa kuoana."

Walicheka mpaka punda wakageuka. Nilicheka pia, lakini neno lile liliniingia. Nikajiapiza kwamba Krismasi, matofali yakishachomwa, nitawakaribisha wanawake hawa na kuwapa kitu ambacho hawatakisahau. (Kiapo hicho nilikitimiza. Hawajasahau mpaka leo.)

Sasa, mtu mwenye akili zake angepika chapati. Mumbua, aliyekuwa na akili zake, aliniambia hivyo hivyo.

"Dada, fanya chapati. Watu wanapenda chapati."

"Chapati kila mtu anapika."

"Ndiyo maana wanazipenda."

Lakini mimi nilikuwa nimeshafungua gunia na kutoa daftari langu la upishi la darasa la saba. Niwaambie siri: katika shule sikuwa mtu wa kutajwa. Hesabu zilinishinda, ramani niliichora ikatoka kama sufuria. Ila katika upishi nilikuwa wa kwanza, na kwenye ukurasa wa biskuti za Krismasi mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu "Vizuri sana, Nduku", na ndicho cheti pekee nilichotoka nacho shuleni. Biskuti zenyewe zilikuwa za aina tano: za tangawizi, za njugu, za ndimu, za asali, na zile zinazobonyezwa kwa kidole gumba halafu shimo linajazwa jamu. Nikaamua zitakuwa zote tano. Kama ningeamua aina moja tu, leo nisingekuwa na hadithi ya kuwaambia.

Unga, siagi na beking pauda nilivipata sokoni kwa jogoo wawili, asali tulikuwa nayo, njugu tulikuwa nazo, ndimu nikaomba kwa jirani. Taabu ilikuwa moto. Shuleni tulikuwa na jiko la chuma lenye oveni, lakini nyumbani nilikuwa naoka kwa njia ambayo wengi mnaijua: sufuria kubwa, mchanga ndani, sufuria ndogo juu ya mchanga, makaa juu ya kifuniko, na subira. Kwa njia hiyo zinatoka biskuti kumi na mbili kwa mara moja. Nilitaka mia mbili. Nikapiga hesabu (zile zilizonishinda) nikaona kwamba nikianza Krismasi nitamaliza Pasaka.

Na hapo ndipo jicho langu lilipotua juu ya tanuru.

Lilikuwa nyuma ya nyumba, kubwa kuliko nyumba yenyewe, matofali elfu kadhaa yamepangwa na kukandikwa udongo kote, chini yake midomo mitatu ya moto upande huu na mitatu upande ule. Mwaka ule mvua ya Novemba ilikatika mapema, watu wakanung'unika kwa ajili ya mahindi, nami nikanung'unika pamoja nao huku moyoni nikishukuru kwa ajili ya matofali, Mungu anisamehe. Mzee Kitonga alilichochea kwa magogo siku mbili mchana na usiku, na Jumamosi jioni akaiziba midomo yote sita kwa matofali na udongo, akanawa mikono, akatuita mimi na wadogo zangu tukasimama mstari kama askari.

"Joto limo ndani na linafanya kazi," alisema. "Hapa hata malaika wa Krismasi akibisha, msifungue. Siku saba. Tofali la moto likipata baridi ghafla linapasuka. Mmenisikia?"

Tukasema tumesikia. Na kweli malaika hakubisha. Nilifungua mwenyewe.

Krismasi yenyewe ilikuwa Jumanne. Alfajiri nikakanda aina zote tano kwenye masufuria matano. Nikachukua vipande vinne vya bati la zamani, nikavisugua kwa mchanga wa mto mpaka vikawaka, nikapanga biskuti juu yake: mviringo kwa mdomo wa glasi, nyota kwa kisu, na nyingine zilizotakiwa kuwa kondoo wa Bethlehemu lakini zikatoka kama viatu. Kuku wetu walikuwa wamelala ubavuni mwa tanuru wakiota joto, nami nikawatazama nikajiambia, joto lote lile, Nduku, na linakaa bure, hata kuku wamelitambua. Mdomo mmoja tu. Wa nyuma, usioonekana njiani. Nusu saa, kisha naukandika tena, nani atajua?

Ila kanisani ningeenda saa ngapi? Nikamwita Mumbua.

"Ukiulizwa, sema tumbo linaniuma."

"Dada! Siku ya Krismasi nidanganye kanisani?"

"Si kudanganya. Likiniuma baadaye utakuwa umesema kweli mapema."

Wakaenda, Wayua akirukaruka na kilemba chake kipya, nami nikachukua panga na kuuendea mdomo wa nyuma.

Udongo ukabomoka, nikatoa matofali matatu, na joto likanipiga usoni kama mlango. Daftari lilisema uweke mkono ndani ya oveni uhesabu mpaka kumi. Nilifika nne. Nikasema vizuri, zitaiva haraka. Nikasukuma bati la kwanza, la tangawizi, kwa ufito mrefu, nikahesabu, nikalivuta. Jamani. Niliwahi kuona picha za biskuti, lakini hizi ndizo picha zilikuwa zinaziiga. Zilikuwa zimevimba kidogo katikati, rangi ya hudhurungi, harufu imejaa kiwanja kizima. Nikala moja hapo hapo nimesimama, ikiniunguza vidole, na nikawa tena darasa la saba, mama yuko nyumbani, na mimi ni wa kwanza.

Hapo ningeacha. Lakini mtu aliyesifiwa na biskuti haachi. Nikaona kuoka bati moja moja ni kupoteza wakati, nikatoa matofali mengine manne kuupanua mdomo, nikasukuma mabati yote matatu yaliyobaki mpaka ndani kabisa. Unga mwingine mwingi ulikuwa bado kwenye masufuria ukingoja. Nikasimama, mikono kiunoni, kama mke wa chifu.

Basi upepo ukavuma. Upepo wetu wa Desemba mnaujua, hauna haraka lakini haurudi nyuma. Ukaingia kwenye ule mdomo niliouacha wazi kama lango la zizi, na makaa niliyodhani yamekufa yakaamka yote kwa pamoja, tanuru likavuta pumzi, likanguruma. Nikainama kutazama na nikaziona biskuti zangu za njugu zikiwa nyekundu. Si hudhurungi, nyekundu, zinawaka kama taa. Nikatia ufito kuvuta bati, ufito ukashika moto. Nikatafuta jembe. Na wakati natafuta jembe, ndani ya tanuru kitu kikalia: *pa!*

Nikajiambia ni fundo la mti.

*Pa! Pa!*

Nilikuwa na nafasi ya kuchagua hapo, na hili ndilo linaloniuma mpaka leo. Ningeweza kuchukua udongo na kuziba mdomo, biskuti ziungue zikaende zake, matofali yapone. Lakini nilifikiria zile nyota. Nilifikiria "Vizuri sana, Nduku". Nikakimbia kwenye pipa, nikachota ndoo nzima ya maji, nikaimwaga ndani ya tanuru kuziokoa biskuti.

Kilichotokea baada ya hapo sikukiona vizuri, kwa sababu kilikuwa kinanitokea mimi. Mvuke na majivu vilitoka kwa kishindo, vikanivika kuanzia utosini, kuku wakatawanyika mpaka kwa majirani, na matofali yakaanza kulia *pa! pa! pa! pa!* kama mahindi kwenye chungu. Nikaanguka nikakaa chini. Na nikiwa nimekaa, nikasikia wimbo.

Nilidhani nimekufa na ninapokelewa. Kumbe ni hivi: kule kanisani mchungaji alikuwa amemwuliza Mumbua niko wapi, Mumbua akasema tumbo, na kwa kuwa hajazoea kudanganya alilisema akilia. Kanisa likashtuka. Mchungaji akasimamisha ibada akaniombea kwa jina, kisha Mama Syombua akainuka akasema yatima wetu anaumwa siku ya Krismasi na sisi tumekaa hapa? Twendeni tukamwombee kitandani. Wakaja wote. Wakaingia kiwanjani wakiimba, wakazunguka nyumba wakifuata harufu ya moto, na wakamkuta mgonjwa amekaa mbele ya tanuru, mweupe kwa majivu kutoka kichwa hadi kidole, ndoo mkononi na unga wa ndimu puani.

Wimbo ukakatika, sauti moja baada ya nyingine. Katika kile kimya Wayua akatoa zile sauti zake nne:

"Dada amefufuka!"

"Ngai!" akasema Mama Syombua. "Mtoto, ni tumbo gani hili?"

Nikafungua mdomo nikatoa majivu. Susu Kanini akapita mbele kwa fimbo yake, akanitazama mimi, akalitazama tanuru, akaona lile shimo.

"Mchungaji," akasema, "mgonjwa ni huyu mwingine, huyu mkubwa. Ndiye aliyefunguliwa tumbo."

Mzee Kitonga hakucheka. Alivua kofia yake, akaweka sikio karibu na ubavu wa tanuru kama daktari, akasikiliza, *pa*, na kila lilipolia alifumba macho kidogo kama anachomwa sindano.

"Nani alibisha?" akaniuliza polepole. "Malaika?"

Nikaeleza. Nilieleza yote, mbele ya mchungaji na kwaya na watoto, kuanzia uji usio na sukari mpaka ndoo ya maji, na kila nilipofikiri nimefika mwisho wa aibu nilikuta kuna nyingine mbele. Nilipotaja aina tano, Mumbua akaugeukia mti. Nilipotaja tumbo, mchungaji akakohoa.

"Udongo!" Mzee Kitonga akanikatiza. "Hadithi baadaye. Leteni udongo mbichi, tuzibe upesi tuokoe upande wa pili."

Munyao akakimbilia pipa. Pipa lilikuwa tupu, maji ya mwisho nilikuwa nimeyamwaga, na mtoni ni mwendo wa saa nzima na punda. Wanaume wakatazamana. Susu Kanini ndiye aliyenyoosha fimbo kwenye yale masufuria yangu.

"Ule si udongo?"

"Ni unga wa biskuti, Susu," nikasema.

"Unanata?"

"Unanata."

Na hivyo, ndugu zangu, wanawake wa mwethya wakakunja mikono ya nguo zao za Krismasi, wakarudisha matofali mdomoni, wakachota unga wangu kwa mafumba wakaukandika kwenye nyufa, Mzee Kitonga akiamuru hapa, hapo, juu kidogo, kama anasimamia jengo la serikali. Kwanza ukaenda wa ndimu, kisha wa asali, kisha njugu, na kile kidogo kilichobaki cha tangawizi.

"Na ule wa jamu?" Susu Kanini akauliza. "Msiuache. Huyu mtoto alituahidi aina tano."

Tanuru likazibwa. Harufu ilikuwa nzuri ajabu. *Pa* zikapungua, zikakoma.

Ndipo nikamwona Baba Mkubwa. Alikuwa amesimama pembeni na kofia yake mkononi. Akautazama ukuta wa nyuma ulioinama, akalitazama tanuru.

"Nilisema Krismasi," akasema.

Wayua, ambaye hakuelewa lakini alielewa, akaja akashika nguo yangu iliyojaa majivu. Mimi nikafanya kitu pekee nilichoweza kufanya, nikachukua lile bati la kwanza, zile biskuti za tangawizi zilizookoka, kumi na moja (moja niliila, mnakumbuka), nikampelekea.

Akachukua moja. Akatafuna. Watu zaidi ya arobaini wakamtazama akitafuna.

"Umeoka wewe?"

"Ndiyo, Baba Mkubwa."

"Humu?"

"Humu."

Akatafuna tena. Mama Syombua, ambaye hakuwa mwenyekiti bure, akaona mwanya akaingia: "Baba Nzioka, tanuru halijafunguliwa. Matofali yanahesabiwa siku ya kufungua. Ngoja siku saba."

Akakubali kungoja. Na alinyoosha mkono akachukua ya pili. Zile tisa zilizobaki mchungaji alizivunjavunja vipande vidogo na kila mtu akaonja, wamesimama, kimya kama kwenye Meza ya Bwana. Susu Kanini alinyonya kipande chake muda mrefu.

"Hii na sukari wameoana," akatangaza. "Kwa arusi kubwa. Wamechoma nyumba ya bibi arusi."

Siku ya nane tukafungua. Pande tatu zilitoka matofali mekundu, yanalia kama kengele ukiyagonga. Upande wa nyuma ulikuwa vipande. Kile kizibo cha unga kilitoka kizima, cheusi, kikubwa kama matofali sita, na mbuzi wa Mama Syombua akakilamba mara moja akaondoka akitikisa kichwa. Mzee Kitonga akapanga, akahesabu, akasema: "Kuta tatu."

"Nyumba ya kuta tatu ni banda," Baba Mkubwa akasema, na hakusema kwa ukali. Ilikuwa kweli.

Nikawageukia wanawake wa mwethya. Sikuomba, kwa sababu sheria niliijua. Zamu yangu nilikuwa nimeila na kuioka. Mama Syombua alitazama chini, akakwaruza ardhi kwa kidole cha mguu.

"Zamu inayofuata ni ya nani?" Baba Mkubwa akauliza, kama mtu anayetaka tu kujua.

"Yangu," akasema Susu Kanini.

Alikuwa ameingoja zamu hiyo miaka mitatu. Alitaka nyumba ndogo ya matofali, chumba kimoja na dirisha, maana kibanda chake kilikuwa kinavuja pande zote isipokuwa mlangoni. Kila mtu pale alijua.

"Mpeni huyu," akasema.

"Susu, hapana," nikasema.

"Nyamaza, mwaitu, mama yangu. Mimi nina meno mawili na paa moja, yote yamenizoea. Paa lako ni la watoto." Akamgeukia Baba Mkubwa na fimbo yake. "Na wewe, mwezi wa pili ukuta wa nne utakuwa umesimama. Kama una haraka, leta punda wako abebe maji."

Baba Mkubwa alileta punda wawili. Yeye mwenyewe alikanyaga udongo, suruali imekunjwa mpaka magotini, na kabla ya mvua kubwa tulilala sisi wanne chini ya bati jipya. Ukuta wa nyuma wa nyumba yetu mpaka leo una rangi tofauti na kuta nyingine tatu, na mgeni akiuliza kwa nini, kuna mtu kijijini atakayejitolea kumweleza, hata kama nimemwomba asieleze.

Tangu siku hiyo sijafungua kitu kilichozibwa na mtu mwingine, hata chupa ya soda naomba mwenye duka anifungulie. Wala sijawahi kusema tumbo linaniuma, hata liliponiuma kweli nilisema kichwa. Biskuti naoka kila Krismasi, kwa sufuria na mchanga, kumi na mbili, kumi na mbili, naanza wiki moja kabla. Na za kwanza kabisa, za aina zote tano, nampelekea Susu Kanini kwenye kibanda chake. Anazitumbukiza kwenye chai mpaka zilainike, anakula yote bila kuacha, halafu anajifuta mdomo.

"Hii ni riba," ananiambia. "Deni liko palepale."

"Basi niambie siku, Susu. Nifyatue."

"Bado. Sijaamua mlango utazame wapi."

Mumbua sasa ni mwalimu, Munyao ana watoto wake, Wayua anaimba kwaya kwa zile sauti nne. Mimi nimeacha kungoja aamue. Mwaka huu nilifyatua mwenyewe matofali ya nyumba yake, nikamwita kijana wa marehemu Mzee Kitonga akayachoma, nikakaa siku saba bila hata kupita upande wa nyuma. Yote yalitoka mekundu. Yamepangwa kando ya nyumba yangu, nimeyafunika nyasi, na kila mvua ikipita nabadilisha nyasi, halafu naenda kumwuliza tena kuhusu mlango.